Korneti Niliyokunyang'anya

Mwanangu Elieneza, baba,

Mambo ya soksi, dawa ya mswaki na kufuli la sanduku sitayaandika. Baba yako mdogo amekuhutubia leo mchana kutwa, mdomo umejaa makande, na kama kuna jambo la bwenini alilolisahau basi halijawahi kumpata mwanafunzi yeyote. Mimi nina jambo moja tu, na ninaliandika kwa sababu kwa mdomo limetushinda. Tangu tulipomzika baba yako, wewe unaniambia shikamoo, mimi nakuambia marahaba, tumemaliza. Mbwa wa jirani wanabwekeana maneno mengi kuliko sisi.

Jambo lenyewe ni hili. Shule uliyopangiwa kidato cha tano huko Songea ina bendi. Juzi ulikaa jikoni na baba yako mdogo, mimi nikiwa chumbani nasahihisha madaftari, ukamwambia kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka kwa mchungaji: "Mimi na matarumbeta basi. Nikifika huko, hata wakipita wanapiga nafunga dirisha." Nilisikia, baba. Ukuta wetu ni wa mbao, na ulijua nitasikia. Mimi nataka uingie katika bendi hiyo. Nimekuambia mapema ili usihangaike kuitafuta hoja humu ndani kama mtu anayetafuta nyama kwenye makande.

Najua utakachosema. Utasema huyu mama ana uso gani. Kwa hiyo tuanzie kaburini, maana kila mtu katika kata hii ameshakusimulia siku ile isipokuwa mimi, na wengine wameiongezea chumvi mpaka nikisimuliwa najiogopa mwenyewe.

Mjane huku kwetu siku ya mazishi hana kazi ila kukaa. Anakaa mkekani, amefunikwa kanga mpaka kwenye nyusi, wanawake wamemshika mabega huku na huku utadhani ataruka. Anasubiri ashikwe mkono, apelekwe kutupa udongo wake, arudishwe akae tena. Nilikaa. Unene huu nilio nao, hata kama ningetaka kuruka, ningerukia wapi? Bendi yetu ya shule ilikuwa imesimama upande wa juu wa kaburi, pembeni ya shamba la tangawizi la baba yako, na wewe mbele kabisa na korneti, tarumbeta yako fupi, sauti ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuweka pale. Hakuna aliyenilazimisha. Shangazi yako alisema, "Wifi, mtoto ampigie baba yake mwenyewe, itapendeza," nami nikataka ipendeze. Mimi, mwalimu wa bendi wa miaka yote hii, ninayejua mdomo wa kila mtoto kama ninavyojua sufuria zangu, nikataka ipendeze. Ukitafuta kosa langu siku ile, lichukue hilo. Hayo mengine yaache, nitakueleza.

Sheria yetu unaijua, mlikuwa mnaniigizia nyuma ya darasa mkidhani sioni: tangu koleo la kwanza la udongo mpaka kaburi lifungwe na maua yawekwe, bendi hainyamazi. Aliyechoka anapumzisha mdomo, jirani yake anambebea. Basi ukaanza. Ubeti wa kwanza ulipiga vizuri, nilikusikia kutoka mkekani nikasema moyoni, haya, kumbe. Ubeti wa pili ukapanda juu kuifuata ile noti, noti ikapasuka. Ikalia kama breki za lori kwenye kona zetu. Ukajaribu tena, ikapasuka tena. Ukaishusha korneti. Na wale wapumbavu wangu, ambao nimewafundisha wasinyamaze hata paa likiwaangukia, wakakutazama, wakashusha vyombo vyao mmoja baada ya mwingine, mpaka na ngoma kubwa. Ngoma kubwa, Elieneza! Ngoma inahitaji mdomo gani?

Ndipo nikainuka. Shangazi yako alinishika kanga. "Wifi, kaa chini. Wifi! Watu wanaangalia!" Nikamwachia kanga yake mkononi. Nilipita katikati ya wazee wa kanisa, kichwa wazi, nikaja mpaka ulipo. Ulidhani nimekuja kukukumbatia. Niliona. Mikono yako ilifunguka kidogo, hivi, kama ulivyokuwa unafanya ukiwa mdogo ukiniona natoka shule. Nikaichomoa korneti kutoka mkono wako wa kulia, nikampa Nashipai aliyekuwa pembeni yako, sauti ya pili.

"Piga."

"Mwalimu, siwezi. Ni ya kwake."

"Piga!"

Na wewe nikakusukuma kwa bega mpaka nyuma kwenye ngoma, kama mtu anayesogeza kiti apate njia.

Nashipai akapiga. Akapanda kwenye ile noti bila kukunja hata ndita, bendi ikamfuata, kaburi likajaa. Nyuma yangu niliwasikia wote. Kuna aliyesema, "Hata msibani anafundisha!" Baba yako mdogo akanifuata akinong'ona kwa nguvu, "Shemeji, mtoto kafiwa!" Nikamjibu, "Na mimi nimefiwa na nani, kuku?" Hilo jibu limefika mpaka Same mjini, naambiwa.

Sasa nikuambie ambalo majirani hawalijui, na halitakufurahisha.

Watu wote wanasema ulizidiwa na uchungu. Mchungaji alilisema madhabahuni, Jumapili iliyofuata, na wewe ukalipokea ukajifunika kama blanketi. Si kweli, mwanangu. Ulikwama pale pale unapokwama kila Jumamosi. Ubeti wa pili, noti ile ile. Unakwama kwa sababu unatunisha mashavu na kukikandamiza chuma kwenye mdomo badala ya kuvuta pumzi kutoka tumboni. Nimekuambia tangu kidato cha pili. Unapenda kusimama mbele, unapenda vifungo vya sare ving'ae, lakini yale mazoezi ya kushika noti moja tu, ndefu, mpaka kichwa kizunguke, hayo unawaachia wengine. Nashipai anabaki kila siku nyuma ya bohari ya shule anashika noti yake mpaka mbuzi wa bondeni wanamwitikia. Wewe ulikuwa unapita na mpira kwapani unamcheka. "Dada, umekwama honi?" Nilikusikia. Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe, ilichekesha.

Kwa hiyo nakuambia mimi, kwa kuwa hakuna mwingine atakayethubutu kumwambia mtoto asiye na baba: wewe si mpigaji mkubwa, Elieneza. Ni mpigaji wa wastani wa sauti ya pili, na wa sauti ya tatu ni mzuri. Huzuni haikukuangusha pale kaburini. Ilichofanya ni kukuzuia usiinuke baada ya kuanguka, hilo nakubali, hilo ni lake. Lakini nikikuacha uende Songea ukiamini kwamba ulikuwa fundi mkubwa ukavunjwa na msiba na mama katili, utaishi na hadithi hiyo maisha yako yote. Ni hadithi nzuri sana. Utawasimulia wasichana, na hivyo visharubu vyako vitatu, nao watalia. Na hutashika tena chombo chochote, kwa sababu ukishika, hadithi itaharibika.

Mimi nami nina hadithi, ila yangu haimlizi mtu. Sijawahi kukusimulia. Mwalimu hapendi wanafunzi wajue alianzaje.

Nilitoka Makanya, unajua, kule chini kwenye vumbi na jasi, nikapelekwa kusoma shule moja ya wasichana huku milimani. Nilikuwa mwembamba na mrefu. Usicheke, picha ipo kwa mjomba wako. Meno yangu yalikuwa ya kahawia kwa maji ya kisima cha kwetu, na mpaka leo ndivyo yalivyo, ndiyo maana hunioni nikicheka kwenye picha za mahafali. Shule hiyo ilikuwa na bendi, na bendi yao ilitembea kwa safu, safu ikikosa mtu ilionekana kama kinywa kilichong'oka jino. Msichana aliyebeba tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, akahama shule. Mwalimu wa bendi, mama mmoja mkali mwenye viatu visivyo na sauti, akapita darasani kutafuta mwili mrefu. Akanipata.

"Wewe. Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Mmh. Funga."

Akanivisha tuba begani. Kisha akakichomoa kile kikombe kidogo cha chuma ambacho mpigaji huwekea midomo, akakitia mfukoni mwa koti lake. "Wewe utabeba tu. Hutapuliza. Ukitunisha mashavu inatosha."

Wasichana walikufa kwa kicheko. Mmoja akasema, "Afadhali, na meno hayo angelitia kutu." Mwingine akanipa jina, Kabati, kwa sababu ni kubwa, linang'aa, na halisemi kitu. Walimu nao wakalizoea. Nikawa Kabati. Miaka miwili nilibeba chombo kisicholia, nikapanda nacho na kushuka nacho, mahafali, sikukuu ya mavuno kanisani, wageni wa serikali, mvua, jua, natunisha mashavu. Bega hili la kushoto lililoshuka, ambalo mnadhani ni uzee, ni tuba ile.

Siku ya wazazi baba yangu, ambaye wewe umebeba jina lake, alipanda kwa miguu kutoka chini mpaka shuleni kuja kunisikiliza. Alivaa koti la mtu mwingine. Tulipomaliza akanijia, amekunja kofia mkononi, machozi yanamlenga. "Mwanangu, nimekusikia. Wewe ndiye uliyekuwa unanguruma kule chini."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ni mimi."

Aliwasimulia watu wa Makanya mngurumo wangu mpaka anakufa. Unaona hata mimi niliwahi kumpa mtu hadithi nzuri. Najua bei yake.

Lakini sikiliza. Hakuna anayeliangalia kabati. Wenzangu kila mmoja alikuwa anajisikiliza mwenyewe, mimi sikuwa na wa kumsikiliza ila wao. Nikajua nani anachelewa nusu pumzi, nani anaiba noti ya jirani, nani anavuta hewa mahali ambapo wimbo haujamruhusu. Nikazijua sauti zote, hata ile ya tatu ya korneti ambayo hata anayeipiga huwa anaisahau. Mpiga tuba wa safu ya pili alipoanguka malaria, yule mama akanirushia kikombe bila hata kunitazama, "Kabati, jaribu." Nilitoa sauti mbaya, mwanangu, kama ng'ombe aliyekwama tope. Ila haikutoka mahali pasipo pake hata mara moja. Yule mama aligeuka. Hakunisifu. Alisema, "Kesho ukoge vizuri," basi. Na tangu siku hiyo sikukirudisha kikombe.

Kila mwaka kwenye kikao cha wazazi kuna anayesimama. Mwaka huu ilikuwa mzee mmoja wa Msangeni aliyeozesha binti huku, mjukuu wake anasoma kwetu. "Mwalimu, hii bendi inampa mtoto nini? Mtihani wa taifa una swali la tarumbeta?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nimeziba meno. Kisha nikamjibu yale ya vikaoni: nidhamu, kushirikiana, kutunza muda, kwamba mtoto akijifunza kuhesabu mapigo hata hesabu za darasani zinamnyookea, kwamba mkorofi ukimpa ngoma anaacha kupiga wenzake. Na ni kweli yote, nimeyaona kwa macho yangu, sijatunga. Ila ninaloliamini zaidi siwezi kulisema kikaoni, wazazi watanitoa na viti. Kwenye bendi mtoto anagundua mapema kwamba hahitajiki sana kama mama yake alivyomwambia. Akikosa, wimbo unaendelea. Na bado Jumamosi anatakiwa awepo, viatu vimepigwa rangi. Mwenye kulijua hilo akiwa na miaka kumi na saba, dunia haimpati kirahisi.

Wewe hukulijua, na mimi nilikuwa nakufundisha kila wiki. Hilo nalo nimelihesabu upande wangu.

Kuhusu Nashipai. Umemfanyia vibaya. Umemwita mwizi wa msiba mbele ya wenzake, mkikutana njia ya kisimani unatazama milima. Binti wa watu, wazazi wake wako huko tambarare na ng'ombe zao, hapa hana hata wa kumlilia. Siku ile ya mazishi, alipomaliza kupiga, alikwenda nyuma ya bohari akatapika. Hukumwona, ulikuwa nyuma ya ngoma unanichukia. Baadaye alikuja ofisini.

"Mwalimu, Eneza ananiita mwizi. Mimi sikutaka."

"Ulitaka," nikamwambia.

Akachezea kola yake. "Nilitaka kidogo."

"Basi beba na matusi yake. Chombo ni kizito, ulijua."

Hakulia. Aliniambia ahsante mwalimu, akatoka. Unaona siwaonei wa nyumbani peke yao. Mkatili wa haki kabisa mimi, nagawa sawasawa.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Nimezunguka kurasa zote hizi kama kuku anayetafuta pa kutagia, na wewe unanijua, ungeshaniambia, "Mama, taga basi."

Wanasema niliinuka kwa ajili ya bendi. Wewe ulimwambia baba yako mdogo niliinuka kwa sababu ya sifa, kwamba niliona aibu mtoto wa mwalimu kukosea. Hapana. Mlipoacha kupiga, nilisikia udongo.

Udongo wetu wa mlimani una mawe, jembe lako linaujua. Makoleo ya mwanzo ni laini. Baadaye ndiyo yanakuja yale yenye mawe, na jiwe likigonga ubao wa jeneza linatoa sauti kama mtu anayebisha hodi, ila anabisha kutoka upande usio wake. Miaka yote nimepiga kwenye misiba ya watu, nimesimama na fimbo yangu ya kuongozea, nimewaambia watoto msinyamaze, msinyamaze, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Sheria niliikuta nikaitunza, kama mtu anayetunza kiti cha marehemu. Siku ile nikiwa mkekani ndipo nilipoielewa. Muziki ule haupigiwi marehemu. Yeye ameshapumzika, na baba yako hata akiwa hai alikuwa anasinzia kwenye maonyesho yetu yote, anakoroma mpaka anatuharibia mapigo. Unapigiwa aliye mkekani, ili asisikie mawe.

Nilisikia matatu. La nne sikuweza.

Nikaja mpaka ulipo, na mikono yako ilikuwa wazi, na wewe ni mwanangu wa tumbo langu. Nilikuwa na la kuchagua. Nikukumbatie, na tuyasikie mawe wote wawili mpaka mwisho. Au nikunyang'anye kilichokuwa mkononi mwako nisiyasikie tena. Nilichagua kutosikia. Sikufikiri sana, Elieneza. Ningependa nikuambie nilisita, lakini sikusita.

Sikuombi radhi kwa hilo. Nikiomba nitakuwa nadanganya, maana siku ile ikirudi nitafanya vilevile, na safari hii nitainuka jiwe la kwanza.

Ila nimekuwa nikilifikiria jambo moja, hasa nikiwa peke yangu darasani watoto wameshaondoka. Wewe ulikuwa karibu na shimo kuliko mimi. Mimi nilisikia matatu nikiwa mkekani, katikati ya wanawake wanaolia. Wewe ulisimama ukingoni. Huenda ulisikia na yale makoleo laini. Huenda ulikuwa umeyasikia tangu ubeti wa kwanza, chini ya sauti yako mwenyewe. Sikukuuliza. Nilikusukuma nyuma kwenye ngoma kubwa, na pale nyuma, yule kijana alipoanza tena kuipiga, mtu hasikii kitu kingine chochote, hata angetaka. Kuna jirani aliyeniambia kwa wema, "Mwalimu, bila shaka ulimpeleka nyuma ili apumzike." Nikatamani kumwitikia. Kwako sitalisema hilo. Sikukusudia kukuhurumia. Kama ulipata nafuu pale, ulijiokotea mwenyewe.

Sasa nenda Songea na hayo. Huko bwenini kuna vijana mamia, na kabla hamjamaliza kidato cha sita kuna watakaopigiwa simu ya msiba, na huenda shule itabeba bendi yake iende. Watakuwepo wapigaji wazuri kuliko wewe, wenye mashavu yaliyotulia. Hawatakuwa wanajua wanapigia nini. Watadhani wanapendezesha shughuli. Wewe unajua mtu wa mkekani anasikia nini mkinyamaza. Mpigaji wa sauti ya tatu anayejua hilo, asiyekwama kwa sababu hana noti ya juu ya kukwamia, namtaka kuliko korneti kumi za kwanza. Namtaka kwenye msiba wangu pia, ila hilo halina haraka. Nina madaftari ya kidato cha tatu hayajasahihishwa.

Nina la mwisho, nalo utalichukia kuliko yote. Nilipata namba ya mwalimu wa bendi wa huko kutoka kwa mwalimu mwenzangu aliyewahi kufundisha upande ule. Nimempigia leo asubuhi, wewe ukiwa umeenda kumuaga shangazi yako. Ni kijana, ana sauti ya mtu mchangamfu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Anakuja kijana wangu kwenu, kidato cha tano."

"Karibu sana! Anapiga nini?"

"Korneti."

"Ah, umenikomboa. Sauti ya kwanza wangu wote wamemaliza shule. Nitamweka mbele."

"Usimweke mbele."

"Eti mama?"

"Usimpe sauti ya kwanza. Juu anakwama."

Akashusha sauti. "Mama, samahani. Huyu ni mwanao wa kumzaa?"

"Wa kumzaa. Tena kwa kisu."

Akacheka sana, nikacheka na mimi, maana kwenye simu meno hayaonekani. Akasema ana baritoni moja, tarumbeta ya sauti nene, iliyobonyea ubavuni, hakuna anayeitaka kwa sababu ni nzito na haina ubeti wake, kazi yake ni kushika wengine wasianguke. Nikamwambia hiyo hiyo. Atakuwekea. Mazoezi ni Jumamosi baada ya usafi, nyuma ya bwalo.

"Basi usijali mama," akasema, "Jumamosi ya kwanza jioni nitakupigia nikuambie kama amekuja."

"Usinipigie."

"Hata ujumbe mfupi?"

"Hata ujumbe. Akija au asipokuja, usiniambie."

"Sasa utajuaje?"

"Ataniambia mwenyewe."

"Ah, vizuri. Kumbe mnaongea."

"Hatuongei," nikamwambia, nikakata simu kabla sijabadili mawazo.

Ni mimi,
Mama